Siku nne Kigali bila gari: mwongozo kamili wa kupanga safari kuanzia Rusumo hadi Nyamirambo

Mara ya kwanza nilipokwenda Kigali nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kalenda. Nilifika Ijumaa usiku, nikalala, Jumamosi saa mbili asubuhi nikatoka na begi langu la mgongoni nikitafuta usafiri. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna pikipiki, hakuna basi, maduka yamefungwa, na watu wa mtaa walikuwa kandokando ya mtaro na majembe na mafyekeo. Mhudumu wa gesti akanifuata nje, akaniambia kwa Kiswahili cha taratibu: "Leo ni umuganda, kaka. Ngoja saa tano." Katika safari ya siku tatu, nusu siku ilikwenda hivyo.

Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, kila mara kwa basi, bodaboda na miguu. Nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye gari akikosea mpango anageuza tu usukani. Asiye na gari mpango wake unashikiliwa na mambo mawili, tarehe aliyochagua na mahali alipolala. Ukipatia hayo mawili, Kigali ni mji mwepesi kuliko miji mingi ninayoijua. Ukiyakosea, utakuwa unapanda na kushuka vilima kutwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu anayetokea Tanzania, hasa upande wa Kanda ya Ziwa, ingawa Mkenya na Mganda watapata sehemu kubwa inayowahusu.

Anza na tarehe, kabla ya nauli

Umuganda ni kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi wa mtaa. Hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Muda huo usafiri husimama na biashara hufungwa. Hata makumbusho hufungua baadaye. Kama safari yako lazima iangukie wikiendi hiyo, basi asubuhi ya Jumamosi iandike kwenye mpango wako kuwa ni ya kulala na kunywa chai, na usikate tiketi ya basi la saa tatu.

Tarehe nyingine ni 7 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya kuanza wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na wiki inakwenda hadi tarehe 13. Nchi nzima huwa katika maombolezo, muziki wa starehe husimama, na watu wengi hushinda kwenye mikutano ya kumbukumbu. Anayetaka kutalii na kuchangamka achague wiki nyingine. Anayetaka kuwa na Wanyarwanda katika siku zao nzito anaweza kwenda, lakini ajue anakwenda msibani na ajiweke hivyo.

Kuhusu mvua, Machi hadi Mei ni masika, na kwa mtu anayetegemea pikipiki mvua ni kikwazo cha kweli. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata kiangazi jioni kuna ubaridi. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga abebe sweta moja.

Jambo moja la kupendeza: Jumapili mbili kwa mwezi, asubuhi, baadhi ya barabara kuu hufungwa kwa magari ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Utaratibu huu ulianza mwaka 2016. Kwa msafiri asiye na gari hiyo ni asubuhi ya dhahabu, kwa sababu kwa saa chache barabara hizo pana zinakuwa zako. Uliza mahali unapolala kama Jumapili yako ni mojawapo.

Hati za safari

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza kuingia Rwanda. Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania achukue pasipoti, au kama hana, hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Mimi nasisitiza pasipoti, kwa sababu utaihitaji tena kusajili laini ya simu, kuandikishwa gesti, na kupata bei ya Afrika Mashariki kwenye makumbusho, ambayo ni ndogo kuliko ya mgeni wa mbali. Usione haya kusema mlangoni, "Natoka Tanzania," kabla hawajakuandikia tiketi.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna siku utapita bila mtu kuiulizia, na kuna siku itakuwa ndicho kitu cha kwanza kuombwa.

Na mifuko ya plastiki iache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, miaka 11 kabla yetu, na mpakani wanakagua kweli. Nguo chafu, viatu, maandazi ya njiani, vyote vifungwe kwenye mfuko wa kitambaa au karatasi. Nimemwona mama mmoja kwenye mpaka wa Rusumo akihamisha dagaa wake wakavu kutoka mfuko wa nailoni kwenda kwenye kanga aliyokuwa amejifunga, afisa akisubiri kwa utulivu mpaka amalize. Alivuka, lakini ile kanga haikufaa tena safari hiyo.

Kufika

Kwa ndege ni rahisi kueleza: kuna ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, na uwanja wa ndege uko Kanombe, ndani ya jiji, kiasi cha kilomita 10 kutoka katikati. Mwenye siku nne tu na anatoka Dar, kama mfuko unaruhusu, apande ndege. Basi la Dar hadi Kigali linakula zaidi ya siku nzima, na utafika umechoka kiasi kwamba siku ya kwanza haihesabiki.

Kutoka Mwanza mambo ni mengine, na hii ndiyo njia ninayoipenda. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikikuvurugia hesabu ya siku imekwisha. Unapita Sengerema, Geita, unaelekea Biharamulo na Lusahunga, halafu Benaco, halafu Rusumo. Panda basi la kwanza kabisa la alfajiri. Sababu ni kwamba upande wa Rwanda bado una zaidi ya saa tatu za barabara, na si vizuri kufika mji mgeni usiku ukitafuta gesti.

Ukikosa basi la moja kwa moja hadi Kigali usihangaike. Safari inakatika vizuri: gari la kwanza hadi Benaco au Rusumo, unavuka kwa miguu, kisha unapanda koasta upande wa pili. Rusumo ni mpaka wa kituo kimoja, yaani kugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia kunafanyika jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Kwa hiyo ukitoka Tanzania unavuka daraja kwanza, shughuli zote mbili unazimaliza ng'ambo.

Hilo daraja livuke taratibu. Chini yako ni mto Kagera, na pembeni kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Ni hapa Rusumo, mwishoni mwa Aprili 1994, ambapo kiasi cha wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara ndani ya saa 24. Wazee wa Ngara na Benaco bado wanaisimulia siku hiyo. Picha usipige bila kuuliza. Ni mpaka na kuna walinzi.

Kuanzia hapa magari yanapita kulia. Kwa abiria si kitu, kwa mtembea kwa miguu ni suala la uhai: kabla hujavuka barabara tazama kushoto kwanza, kinyume na tulivyozoea. Jisemee kimoyomoyo siku mbili za mwanzo. Hii pia ndiyo sababu simshauri mtu aende na gari lake kwa safari fupi.

Ukiwa kwenye koasta, baada ya kupanda kutoka mtoni utapita Nyakarambi, wilaya ya Kirehe. Tazama kuta za nyumba na vibao vya kando ya barabara: mistari ya pembe pembe, myeusi, myeupe na myekundu, iliyonyanyuka ukutani. Hiyo ni imigongo, sanaa inayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe na kupakwa rangi za udongo, na nyumbani kwake hasa ni huku, katika nchi ya kale ya Gisaka. Maduka ya Kigali yanaiuza kwa bei ya juu zaidi.

Kwa Mkenya: basi linapita Kampala na kuingia kwa mpaka wa Gatuna. Lala Kampala usiku mmoja, usiunganishe.

Mahali pa kulala ndiyo nusu ya safari

Kigali imejengwa juu ya vilima. Kwenye ramani ya simu utaona sehemu mbili zimepakana, lakini kati yake kuna bonde, na barabara inazunguka. Ndiyo maana usichague gesti kwa bei peke yake wala kwa umbali wa ramani. Chagua kwa swali moja: nikitoka mlangoni, ninatembea dakika ngapi hadi kituo cha basi, na je, njia ni tambarare?

Mimi nalala Nyamirambo, na namshauri hivyo kila Mswahili anayekwenda mara ya kwanza. Ni mtaa wa zamani wa Waislamu wa Kigali, barabara yake kuu inakwenda moja kwa moja mjini, mabasi hayakatiki, chakula kipo hadi usiku. Na Kiswahili kipo. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda, lakini sheria ni jambo moja na barabarani ni jambo jingine. Kwingineko mjini kijana wa miaka 20 atakujibu kwa Kiingereza kabla ya Kiswahili. Nyamirambo unanunua chumvi, unauliza njia na unasikiliza adhana kama uko Ilala.

Remera inamfaa anayekuja na kuondoka kwa ndege. Iko upande wa uwanja, ina stendi yake na mahoteli ya kila bei.

Nyabugogo, penye stendi kuu ya mikoani, sipashauri. Kelele haziishi, na pako bondeni, kwa hiyo kila uendako ni kupanda. Nililala pale ile mara ya kwanza kwa kudhani kukaa karibu na basi ni ujanja. Kumbe kutoka Nyamirambo alfajiri pikipiki inakufikisha stendi kwa muda mfupi sana.

Mambo ya saa ya kwanza: pesa, laini, saa

Badilisha kidogo mpakani, kiasi cha nauli na chakula cha siku, kisha kingine mjini kwenye duka la kubadilisha fedha. Kabla ya kufika Rusumo angalia bei ya faranga ya siku hiyo, uiandike kwenye karatasi, kwa sababu wabadilishaji wa mpakani wana kasi na kikokotoo chao, na wewe una uchovu. Ukibeba dola, ziwe noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi.

Laini ya simu nunua ya MTN au Airtel kwa wakala mwenye mwamvuli, kwa pasipoti. Ukiisajili, uliza pia kuhusu huduma ya pesa ya simu. Hata mwenye pikipiki anapokea malipo ya simu, na itakuokoa na usumbufu wa chenji.

Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe ila saa ya mkononi haijirekebishi. Hesabu yao ya saa kwa mdomo ni kama yetu: utasikia "saa moya", "saa mbiri", "saa tatu", na maana ni ileile. Lakini tiketi ya basi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Saa mbili asubuhi kwenye tiketi ni 08:00. Ukimwuliza mtu kwa Kiingereza akakujibu "two", hakikisha kwa kumwonyesha tiketi.

Pakua ramani ya Kigali kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani, iweze kufunguka bila intaneti.

Kuzunguka mjini

Basi la mjini hulipiwi taslimu. Unanunua kadi kwa wakala stendi, unaiwekea pesa, na ukipanda unaigusisha kwenye kifaa kilicho mlangoni. Kadi moja inaweza kuwalipia wawili, mnagusa mara mbili. Kama huna kadi na basi limefika, mwombe abiria mwingine akugongee, umpe pesa yake. Nimefanya hivyo mara nyingi, na sijawahi kukataliwa. Jioni, saa za kutoka kazini, foleni ni ndefu. Watu wanapanga mstari na mstari unaheshimiwa. Usijaribu kupita pembeni.

Pikipiki yenyewe inaitwa "moto", na dereva ni "motari". Utazoea kusikia "nimekuja na moto". Kila motari ana kizibao chenye namba na kofia ngumu mbili, moja yako. Abiria ni mmoja tu, na kofia ni lazima. Hata akiwa na haraka hataondoka kabla hujafunga mkanda wa kidevu. Beba kitambaa chepesi au leso ya kuvaa chini ya kofia hiyo, maana imevaliwa na watu wengi. Dada anayevaa sketi au gauni la kubana avae suruali ndani.

Kabla ya kupanda taja alama inayojulikana, si jina la gesti: msikiti, shule, benki, kituo cha mafuta. Kisha uliza "Ni angahe?" Akikujibu "magana atanu" ni faranga 500, na "igihumbi" ni 1,000. Safari nyingi za ndani ya mji huangukia kati ya 500 na 1,500. Kubali bei kabla hujakaa. Maneno mengine manne yatakusaidia mgongoni mwake: "iburyo" ni kulia, "ibumoso" ni kushoto, "komeza" ni endelea, na "buhoro" ni polepole. Hilo la mwisho usione aibu kulitumia kwenye mteremko. Ukishuka sema "murakoze".

Mvua ikinyesha usipande. Jikinge kibandani, motari naye atakuwa amejikinga hapohapo, na itakapokatika mtaondoka wote.

Siku ya kwanza: usifanye mengi

Weka mzigo, oga, kisha tembea kwa miguu hadi Biryogo, jirani na Nyamirambo. Kuna mtaa uliofungwa kwa magari, lami imepakwa rangi, meza ziko katikati ya barabara. Agiza chai ya maziwa. Inakuja kwenye chupa au buli, imekolea tangawizi, na inatosha watu wawili. Mishikaki wanaiita brosheti, na inaambatana na viazi au ndizi za kuchoma. Kisamvu chao ni isombe, kizito kuliko chetu.

Kitu ambacho hutakiona kwingi ni baa za maziwa. Ni vibanda vidogo vyenye pipa la chuma na glasi kubwa. Unaagiza "amata", maziwa ya moto au ya baridi, au "ikivuguto", mtindi mzito unaomiminika kwa vishindo. Ukiingia jioni utawakuta mafundi na madereva wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na glasi yake na chapati, wanakunywa kimya kama watu waliotoka kazini wanavyokunywa. Mwenye duka alinijazia tena glasi yangu ilipobaki robo, na nilipotaka kulipa nyongeza akatikisa kichwa.

Kama unataka kutembezwa, Nyamirambo kuna kituo cha akina mama kilichoanzishwa mwaka 2007 kinachotoa matembezi ya mtaani na mafunzo ya kupika. Weka nafasi siku moja kabla.

Siku ya pili: Gisozi, na mchana uache wazi

Nenda Gisozi asubuhi, milango ikifunguliwa. Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali ilifunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kuingia ni bure. Kifaa cha masikioni cha maelezo kinalipiwa, na kwa maoni yangu kinastahili, kwa sababu kinakupunguzia kusoma ukutani huku umesimama katikati ya watu wanaolia.

Chukua saa tatu. Anza na maonyesho, makaburi na bustani viwe vya mwisho. Ghorofani kuna chumba cha watoto. Kila picha ni kubwa, ya mtoto mmoja, na chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, na jinsi alivyouawa. Sitaeleza zaidi. Nilitoka nikaketi kwenye benchi la bustani kwa muda mrefu, na mlinzi aliyepita aliniamkia tu akaendelea, bila shaka ameona wengi.

Ndiyo maana nasema mchana usiupangie kitu. Watu hujaza siku: asubuhi Gisozi, mchana soko, jioni muziki. Haiwezekani, na si heshima. Mimi huenda kwenye bustani ya Nyandungu, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, eneo la chepechepe lililofufuliwa likafunguliwa kwa umma mwaka 2022, nikatembea taratibu kati ya miti na madimbwi hadi jioni.

Kuna jambo moja hapa linalohusu ulimi. Kwetu kumuuliza mtu kabila lake ni mwanzo wa utani. Msukuma na Mzaramo wanaanzia hapo. Rwanda swali hilo haliulizwi kabisa, hata kwa urafiki, hata na motari mliyecheka naye. Ukiulizwa wewe, jibu tu kwamba ni Mtanzania.

Anayetaka kwenda zaidi, basi la Nyamata halifiki saa nzima kutoka Kigali. Kanisa la Nyamata limebaki na nguo za waliouawa zikiwa zimelundikwa kwenye mabenchi. Pamoja na kumbukumbu za Gisozi, Murambi na Bisesero, liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Lakini usifanye yote mawili siku moja.

Siku ya tatu: Huye na Nyanza kwa basi

Hii ndiyo siku inayothibitisha kwamba gari si lazima. Mabasi ya mikoani ya Rwanda yana namba ya kiti na saa ya kuondoka, na saa hiyo inafuatwa. Hakuna abiria wa kusimama. Nilipochelewa dakika nne nililikuta basi langu linatoka getini, na karani akanihamishia la nusu saa baadaye bila maneno.

Kata tiketi jioni ya siku ya pili, ya basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Huye, mji wa kusini. Kanuni ni hii: anza na kwa mbali, urudi ukisimama. Hadi Huye ni kama kilomita 130, saa mbili na nusu hadi tatu kwa sababu ya kona. Keti dirishani.

Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka makumbusho. Makumbusho ya Ethnografia iko kabla ya kuingia mjini, kando ya barabara kuu, na asiyesema hupelekwa hadi stendi. Ilifunguliwa mwaka 1989, zawadi ya Ubelgiji, na ina kumbi saba: vikapu vya agaseke, ngoma, zana za uhunzi, nyumba ya nyasi unayoweza kuingia. Kwa sisi Wasukuma, Wahaya na Waha, kila kabati lina kitu unachokijua kwa jina jingine.

Kisha Nyanza. Basi la kurudi Kigali litakushusha njia panda kwenye barabara kuu, nawe uchukue pikipiki hadi Rukari, kwenye Makumbusho ya Jumba la Mfalme. Pale wamejenga upya jumba la nyasi la kifalme, duara kubwa lililosukwa kama kikapu kilichogeuzwa, na nyuma yake nyumba ndogo mbili, ya mtunza maziwa na ya mtunza pombe. Pembeni ni nyumba ya kisasa ya Mfalme Mutara III Rudahigwa. Ila watu wanakumbuka ng'ombe. Ni inyambo, pembe zake ndefu kiasi kwamba anapogeuza kichwa inabidi urudi hatua. Mchungaji anawaimbia, wanasimama, masikio mbele, mpaka wimbo uishe.

Tahadhari, maana imewapoteza wengi: Kigali kwenyewe kuna stendi inayoitwa Nyanza, iko Kicukiro. Ukimwambia motari "nipeleke Nyanza" atakupeleka hapo, na atakuwa hajakosea. Basi la Nyanza ya mfalme linapandwa Nyabugogo. Useme "Nyabugogo" kwa motari, na "Nyanza, Rukari" kwa karani wa tiketi.

Saa kumi alasiri anza kurudi. Utafika Kigali jioni, na baa ya maziwa itakuwa bado wazi.

Vya kuacha

Sokwe wa milimani wako Musanze, na basi la Musanze ni saa mbili tu, lakini kibali kwa mgeni wa mbali ni dola 1,500, na kutoka makao ya hifadhi hadi mwanzo wa njia inatakiwa gari. Hifadhi ya Akagera nayo ni ya wenye gari. Ziwa Kivu ni zuri mno na basi la Rubavu, mji ulio ufukweni mwake, lipo, ila linataka usiku mmoja wake. Ukiwa na siku sita liongeze. Usijipangie kuvuka kwenda Bujumbura, kwani Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024.

Siku ya nne na kurudi

Asubuhi nenda soko la Kimironko. Vitenge viko ndani, mafundi cherehani wako hapohapo, na shati rahisi linaweza kushonwa siku hiyohiyo ukifika mapema. Kuna mabishano ya bei, ila ya sauti ya chini. Ukibaki na saa mbili, Kacyiru kuna Inema, kituo cha sanaa kilichoanzishwa na ndugu wawili wachoraji mwaka 2012, kuingia bure.

Anayerudi kwa barabara asiondoke mchana. Alale usiku wa nne, akate tiketi ya alfajiri ya siku ya tano, ili afike Rusumo kabla ya jua kali na akute magari ya Mwanza yakiwa bado yapo. Muhuri safari hii unagongewa upande wa Tanzania, baada ya kuvuka daraja. Faranga zilizobaki zibadilishe ungali upande wa Rwanda, ukibakiza za chupa ya maji. Sogeza saa ya mkononi mbele kwa saa moja kabla hujauliza basi linaondoka saa ngapi, na ukivuka barabara ya Benaco kutafuta chai, tazama kulia kwanza.